Kitambaa cha Kumi na Tatu

Maneno yenyewe niliyasikia kwa mshonaji, nikiwa nimesimama sketi inapimwa kiunoni, kwa hiyo hata kuondoka sikuweza. Mwanamke mmoja aliyekuwa anasubiri vifungo alisema kwamba muuza spea wa kona ya pili anauza pampu za oili za bandia. Eti anazipaka rangi, anazifunga kwenye karatasi ya nta, na gari moja la zamani limeshaua injini kwa sababu yake. Mshonaji akatoa pini mdomoni akasema yeye alisikia ni magari matatu.

Nilijua habari hiyo si ya kweli, tena nilijua ilikotoka. Ilitoka kinywani mwangu mwenyewe siku nne kabla, nikiwa nasukwa nywele. Mimi nilikuwa nimesema "labda" moja tu. Labda ile ikaenda kutembea, ikarudi imeota meno na kuzaa magari mawili.

Tangu hapo maneno yale yamenikaa kichwani kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua. Ndiyo maana naandika. Niliishia darasa la saba, na barua ndefu kuliko zote niliyowahi kuandika ilikuwa ya kumwombea mwanangu ruhusa shuleni alipougua surua. Mtanisamehe nitakapokosea. Nawaandikia wazazi wenye watoto wenye ufundi, na hasa sisi akina mama wenye mikono isiyojua kukaa mapajani.

Binti yangu ni fundi wa injini. Anafanya kazi kwenye gereji ya magari ya zamani ya spoti, yale ya viti viwili, yaliyo chini mpaka ukishuka unajiona kama unatoka shimoni. Gereji ni chumba kimoja kirefu, sakafu ya saruji iliyoingia weusi, benchi la mbao chini ya dirisha, na ukutani kila spana imechorewa kivuli chake kwa rangi ili ikikosekana ionekane. Mwenye gereji wanamwita Kipimo, kwa sababu haamini kitu mpaka akipime. Hata sukari ya chai huisawazisha kwenye kijiko kwa ncha ya kisu. Sasa macho yake yamechoka, mistari midogo ya vipimo haioni tena, na wakati ule alikuwa anatafuta mtu wa kumwachia benchi la injini. Mafundi wanaume walikuwepo wawili, lakini jicho lake lilikuwa kwa binti yangu.

Akamwambia mbele ya wote kwamba injini ya gari jekundu la daktari wa meno ataifungua na kuifunga peke yake. Ikishika presha ya oili kwa kilomita elfu moja, benchi ni lake. Isiposhika, anarudi kwenye matairi.

Daktari wa meno huyo amestaafu. Gari alilinunua ujanani, likakaa miaka mingi chini ya turubai, na sasa akija gereji hulaza sikio kwenye boneti na kufumba macho. Kipimo humwambia, "Daktari, hilo halina jino bovu, toka hapo."

Nieleze presha ya oili kama nilivyoelezwa mimi, maana bila hiyo hamtaelewa kosa langu. Chini ya injini kuna bakuli, na oili inakaa humo. Pampu inaivuta kupitia chujio la waya na kuisukuma juu, ipite katikati ya vyuma vinavyozunguka. Kwenye dashibodi kuna geji, na mshale wake unaonyesha nguvu ya msukumo huo. Mshale ukilala, vyuma vinasagana vikavu, na injini ya miaka hamsini haina ndugu dukani wa kukutolea spea. Nilimwambia binti yangu kwamba presha yangu mimi hupanda na ya gari hushuka, tungegawana tungepona wote. Alicheka sana siku hiyo. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu kilikuwa cha mwisho kwa muda mrefu.

Binti yangu ana utaratibu wake. Ana vitambaa kumi na viwili vyeupe, vya kufutia vyuma na kuzibia matundu injini inapokuwa wazi. Mimi ndiye niliyevikata, nikavipinda kwa uzi mwekundu na kushona namba kila kimoja, na mimi ndiye niliyekuwa navifua. Asubuhi anavihesabu vikitoka. Kabla hajafunga injini anavitundika kwenye waya juu ya benchi na kuvihesabu tena. Vikitimia kumi na viwili, anafunga. Kikikosekana kimoja, hata kama ni saa ya kula, hakuna kula. Mafundi wenzake walikuwa wanamtania kwamba anahesabu kama mwenye kuku. Lakini hajawahi kusahau kitu ndani ya injini, na mimi nilijivuna, nikijua kwamba hesabu ile ilipita mikononi mwangu.

Siku yenyewe nilipeleka chakula cha mchana kama kawaida. Nje walikuwa wanachonga barabara kwa greda, na upepo unaingiza vumbi mpaka kwenye sahani. Binti yangu na Kipimo walikuwa wamekwenda dukani kuchagua gasketi. Mafundi wale wawili walikuwa nyuma, wananawa. Gari jekundu lilikuwa limefunguliwa boneti, distibuta, kile chombo cha kugawia plagi moto, imetolewa, na tundu lake ubavuni mwa injini limezibwa kwa kitambaa namba saba.

Namba saba kilikuwa kichafu mno. Hapo ndipo mikono yangu iliponiponza. Hakuna aliyeniambia nikitoe. Nilikitoa, nikakisuuza kwenye bomba la mlangoni, nikakianika. Kurudi, naliona tundu liko wazi na vumbi linaingia. Chakula nilikuwa nimekifunga kwa kipande cha shuka la zamani la maua ya bluu, shuka alilolalia huyu huyu binti yangu utotoni mpaka likachanika. Nikararua ukanda, nikauviringa, nikauchomeka kwenye tundu. Nikausukuma kidogo ukae vizuri. Ukazama.

Nilijaribu kuuvuta kwa mpini wa kijiko. Ukazama zaidi. Nikaingiza vidole mpaka kifundo, nikagusa chuma na oili basi. Nikasikia sauti zao barabarani. Nikakimbilia namba saba, kibichi hivyo hivyo, nikakirudisha mahali pake na kukaa kwenye kigoda changu, mkono nimeuficha ndani ya kanga kwa sababu ulikuwa mweusi.

Nilipanga niseme wakishakula. Wakati wa kula Kipimo akaanza kusimulia habari za fundi mmoja wa zamani aliyegusa injini ya mwenzake bila ruhusa, akafukuzwa siku hiyo hiyo. Akacheka, akasema angemfukuza hata mama yake mzazi. Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Baada ya kucheka vile, ningeanzia wapi? Nikajiambia ni kitambaa tu, oili ni moto, kitayeyuka humo kama sukari kwenye chai. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu.

Jioni binti yangu alitundika vitambaa kwenye waya. Kumi na viwili. Akafunga.

Injini iliwaka vizuri. Siku ya kwanza mshale ulisimama wima, daktari wa meno akazunguka mitaa na kurudi anatabasamu kama kijana. Siku ya tatu alirudi hatabasamu. Asubuhi mshale unapanda, alisema, lakini injini ikishapata moto na akiongeza mwendo, unaanguka. Akizima na kupumzika, akiwasha unapanda tena.

Binti yangu alianza upya, hatua kwa hatua. Alifunga geji nyingine kuona kama ile ya kwanza inadanganya. Haikuwa inadanganya. Akabadilisha oili. Akatoa springi ya valvu ya presha, akaipima, ikawa sawa. Kila siku alikuwa anarudi nyumbani amenyamaza zaidi ya jana, na mezani anachora injini kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. Bakuli la chini hakulifungua, maana kwenye gari lile halitoki mpaka injini inyanyuliwe kwa mnyororo. Na kwa nini alifungue? Vitambaa vilikuwa vimetimia. Hesabu ilikuwa imemwambia kwamba ndani hamna kitu.

Jumapili, tukiwa tunachambua mchele, aliniuliza. Hakuniuliza kwa hasira wala kwa kunishuku, aliniuliza kama fundi anayepita kwenye orodha yake.

"Mama, siku ile ya vumbi ulikuwepo peke yako. Kuna mtu aliigusa injini?"

"Hakuna," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua mchele. Aliniamini pale pale. Heri asingeniamini.

Jumatatu alinunua pampu mpya kwa muuza spea wa kona ya pili, mzee mpole anayefuta kila kitu kwa brashi kabla ya kukutolea. Pampu ya injini ile imefungwa nje, ubavuni, kwa hiyo aliibadilisha bila kufungua bakuli. Mshale ukaanguka vile vile. Jumanne nikaenda kusukwa. Msusi akaniuliza habari za binti, kwamba amesikia kazi imemshinda. Nikaona niseme neno la kumkinga mwanangu, na neno lililokuwa karibu halikuwa la kweli. Nikasema labda pampu aliyouziwa si nzima. Ulimi hauna mfupa. Nilimtoa mwanangu kwenye jua nikamsimamisha mtu mwingine palepale, mtu ambaye hajanikosea hata siku moja.

Alhamisi injini ikaanza kugonga. Nilikuwa mlangoni na chakula changu nilipousikia mlio ule, mkavu, kama mtu anagonga mlango kwa funguo. Kipimo akasema inyanyuliwe, bakuli litolewe. Walikuwepo yeye, mafundi wale wawili, na daktari wa meno aliyevua koti na kulishika mkononi kama yuko msibani.

Bakuli likatoka. Chujio la pampu lilikuwa limevikwa kitu cheusi. Kila injini ilipokimbia, pampu ilikuwa inakivuta kitu kile na kuziba chujio, na injini ikizimwa kinaachia. Binti yangu akakibandua. Akakisugua kwa kidole gumba, na chini ya weusi likatokea ua la bluu.

Daktari wa meno akapumua kwa nguvu. "Kumbe," akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejua ugonjwa wake.

Binti yangu akanitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu. Kisha akakitia kitambaa kwenye mfuko wa ovaroli.

"Ni changu," akamwambia Kipimo. "Nilikosea hesabu."

Kipimo akaenda kwenye waya. Akavihesabu kwa kuvigusa, kimoja kimoja, maana macho hayaoni vizuri. "Mbona vimetimia," akasema.

"Basi nilikuwa na cha kumi na tatu."

Kipimo alikuwa ameshika beringi mbili kiganjani, zimekwaruzwa kama zimelambwa na msumeno. Alizitazama, akamtazama binti yangu. Akasema kesho aende kwenye matairi.

Mahali pangu pa kusema palikuwa wazi kabisa. Nilisema. Nilisema, "Chakula kinapoa."

Ndilo neno pekee lililonitoka. Nimeyafikiria maneno yote niliyosema maishani, pamoja na ya ugomvi na ya kuzikana, na hakuna linalonichoma kama hilo.

Nyumbani alikifua kitambaa kile mwenyewe. Akakinyoosha kwa pasi, akakiweka mezani mbele yangu. Nilipata sauti ya kumuuliza kwa nini amebeba kosa lisilo lake. Akasema wangejua ni mimi wangenicheka mpaka sokoni, na yeye akichekwa ana kazi ya kurudia, je, mimi ningerudia wapi? Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Injini inafungulika tena, Mama. Lakini mimi nilikuuliza."

Ijumaa alikwenda kwenye matairi. Alirudi vifundo vya vidole vimechunika kwa zile nondo za kubandulia. Hakulalamika. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini siku hiyo aliyekula ni yeye peke yake, na mimi niliyechuma nilikuwa nimekaa nimeshiba.

Jumamosi ndiyo nikaenda kwa mshonaji, na maneno yangu yakanikuta nimesimama, sketi imejaa pini.

Nilipotoka nilipitia kona ya pili. Muuza spea alikuwa amekaa nje ya duka peke yake. Juu ya meza alikuwa ameweka pampu mpya aliyoifungua vipande vipande, kila kipande juu ya karatasi safi, apitaye aone ndani. Hakuna aliyesimama kuangalia. Aliponiona alisimama kwa heshima, akaniuliza habari za Fundi. Wenzangu, nilitamani ardhi inimeze na sketi yangu.

Nikamwambia pale pale. Hakunikatiza. Nilipomaliza alianza kuzipanga zile sehemu za pampu ndani ya boksi, polepole, kila moja akiifuta kwa brashi. Akasema, "Mama Fundi, wewe umekuja kwa miguu miwili. Maneno yako yalikuja kwa miguu mia." Nikamwomba anisindikize gereji. Akafunga duka.

Gereji walikuwepo wote, na daktari wa meno alikuwa amekaa kwenye kigoda changu. Binti yangu alikuwa amepiga magoti kwenye tairi. Sikusalimia, maana ningesalimia ningeanza kuuliza habari za watoto na ujasiri ungeniishia.

"Kitambaa ni changu," nikasema. "Nilitoa cha binti yangu nikachomeka changu, kikazama, nikanyamaza. Aliniuliza, nikamwambia hakuna. Na pampu ya mzee huyu ni nzima. Maneno ya mtaani ni yangu mimi."

Fundi mmoja akajifanya anatafuta kitu chini ya benchi. Daktari wa meno akaangalia viatu vyake. Kipimo akasema alipoambiwa kuna cha kumi na tatu alijua hesabu hiyo si ya mtu wake, ila hakuwa na cha kuipimia. Nikadhani yamekwisha. Akamgeukia binti yangu.

"Na wewe umenidanganya hesabu. Kitambaa si kosa lako, uongo ndio kosa lako. Wiki moja zaidi kwenye matairi. Kisha urudi kwenye injini, kilomita zianze sifuri."

Binti yangu akasema, "Sawa, mzee." Kwa hiyo hata ukweli wangu, kwa kuchelewa, ulimwongezea adhabu.

Mimi sikupigiwa kelele. Kipimo alichukua brashi na rangi nyeupe akachora mstari sakafuni, hatua mbili ndani ya mlango, akaniambia kwa adabu kwamba chakula kinaishia hapo.

Injini ilichongwa upya, ikawekwa beringi nyingine, pampu ni ile ile ya muuza spea. Imeshapita kilomita elfu moja na mshale haujalala. Benchi ni la binti yangu. Ananisalimia asubuhi, ananiletea dawa zangu za presha, hajawahi kunitolea neno baya. Ila vitambaa anafua mwenyewe sasa. Vya zamani alivitupa, akakata vipya, akavipinda mwenyewe. Mshono wake umekwenda upande kama njia ya mbuzi, navitazama kwenye waya kutoka kwenye mstari wangu mweupe, na sina ruhusa ya kusema kitu.

Kwa mshonaji nakwenda kila Jumamosi kuwaambia kwamba pampu za yule mzee ni nzima. Wananisikiliza, wanakonyezana. Sasa wanasema Mama Fundi anamtetea sana muuza spea, lazima kuna jambo. Maji yakimwagika hayazoleki. Naendelea kwenda.

Mzazi mwenzangu, epuka haya:

Usiguse kazi ya mwanao akiwa hayupo, hata kama unaona unamsaidia.

Usitoe kitambaa, kifuniko wala kizibo cha injini ili ukisafishe.

Usizibe tundu la injini kwa kitu ambacho fundi hajakihesabu.

Kitu kikitumbukia, usikisukume kwa kijiko. Mwite fundi kabla injini haijawashwa.

Mshale wa oili ukilala, usiendelee kuendesha. Zima gari.

Usidhani kitambaa kinayeyuka kwenye oili. Hakiyeyuki.

Usiseme "labda" juu ya mtu asiyekuwepo.

Usisubiri watu wamalize kula.

Mwanao akikuuliza, usimwambie hakuna.